Walioigiza Wakimgeukia Mzee Absalom

Kila siku baada ya shule, Kanini aliteka maji, akampelekea mama yake, kisha akashika njia ya ukumbi wa kanisa, hapo Thika. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na katika kikundi cha maigizo yeye ndiye aliyeigiza binti aliyekatazwa shule na baba yake.

Mwaka huo wa 1958 ukumbi ulijaa majonzi. Mzee Absalom, mlezi wa kikundi, alikuwa amefariki mwezi uliopita. Ndiye aliyewaombea ukumbi, akawashonea mavazi kwa mkono wake, na hakukosa zoezi hata moja. Mashine za kiwandani zilikuwa zimemharibia masikio, kwa hiyo aliketi mbele kabisa, upande wa kushoto, na waigizaji wakamgeukia ili asikie. Sasa kiti chake kilikuwa kitupu, kimefunikwa kitambaa cheupe.

Jumamosi iliyofuata wangeigiza Ruiru, kwa wafanyakazi wa shamba la kahawa, kwa kumkumbuka. Kibali cha serikali ya kikoloni cha kukusanyika kilikuwa cha siku moja tu. Mama Waceke, kiongozi wao, alikwisha kusema, "Watu wa Ruiru wakituondokea kabla ya mwisho, kikundi hiki tumekizika pamoja na Mzee."

Jumatatu, Kanini alipomaliza sehemu yake, alikwenda kufagia nyuma, upande wa kulia. Akasimama. Ndung'u, aliyeigiza baba, alikuwa akifoka, lakini Kanini hakupata hata neno. Wote walikuwa wamekielekea kile kiti.

Mzee alimpenda kama mjukuu. Hata hivyo akasema, "Mama Waceke, huku nyuma hakusikiki kitu. Mnaongea na kiti."

"Mtoto huyu hana adabu," Ndung'u akasema. "Mzee mwenyewe ndiye aliyetuzoeza hivi."

Kisilu, mwanafunzi mwenzake, akamnong'oneza, "Wee Kanini, unamfukuza Mzee hata udongo haujakauka?"

"Simfukuzi. Njoo usimame hapa usikilize."

Mama Waceke alikaza leso kiunoni, akatembea polepole mpaka nyuma. "Haya Ndung'u, sema."

Ndung'u akasema.

"Rudia."

Akarudia.

"Mtoto hakusema uongo," Mama Waceke akasema. "Popo wa darini wanasikika kukushinda wewe." Ndung'u akacheka bila kupenda.

Wakaanza upya. Haikuwa rahisi, shingo za watu wazima zilirudi kushoto zenyewe. Kila asiposikia kule nyuma, Kanini aliinua mkono, nao wakarudia bila kunung'unika. Siku ya kwanza mkono ulimuuma. Ijumaa hakuuinua hata mara moja.

Huko Ruiru, Ndung'u alipomkataza binti yake shule, bibi mmoja aliyeketi nyuma kabisa alimjibu, "Baba, ona haya. Mpe mtoto kitabu." Watu wakaangua kicheko. Hakuna aliyeondoka hadi mwisho.

Walipokwisha kumshukuru Mungu, Mama Waceke aliwakusanya. "Mzee hakutaka tumtazame yeye," alisema. "Alitaka kusikia. Leo aliyekaa mbali kuliko wote amesikia. Mtu hakumbukwi kwa kushikilia mazoea, hukumbukwa kwa kazi yake kufanywa vizuri. Na mtu akiona kosa, aliseme kwa heshima, hata kama waliokosa ni wakubwa wake."

Ndung'u alimgeukia Kanini. "Jumatatu, saa kumi kamili," akasema. "Utasimama nyuma tena. Usinionee huruma."