Mikono Mingi katika Bustani ya Vernice

Kila siku saa kumi na moja alfajiri, Ma Philo Laronde alisikia mlango wa nyuma ukilia. Hapo alijua kwamba mjukuu wake Vernice ameamka.

Vernice alikuwa na miaka kumi na sita. Alisoma kidato cha tano, mwaka wa mwisho wa shule. Mama yake alifanya kazi hotelini katika kisiwa cha Antigua, kwa hiyo Vernice na wadogo zake wawili waliishi na bibi yao hapa Dominica, katika kijiji cha Morne Cerise.

Kabla jua halijatoka, Vernice alikuwa ameshawakatia mbuzi majani. Alichemsha chai ya kakao. Aliwaamsha wadogo zake, akawaogesha, akawafunga vifungo vya mashati. Saa moja kasoro alikuwa barabarani akisubiri basi la shule, sare yake imepigwa pasi vizuri. Aliporudi saa kumi jioni alichota maji mtoni, akaosha vyombo, akamenya magimbi, akapika. Jumamosi alimsaidia bibi yake kuuza ndizi sokoni Roseau. Jumapili aliimba kwaya.

"Mtoto huyu ni chuma," Ma Philo aliwaambia majirani. Alisema hivyo kwa fahari, na hakuona kwamba chuma hicho kilikuwa kinachoka.

Vernice alisoma masomo manane. Somo alilolipenda kuliko yote ni kilimo, kwa sababu alitaka kuwa afisa wa misitu. Lakini katika somo hilo alama hazikutoka kwenye mtihani tu. Kila mwanafunzi alipaswa kulima bustani yake mwenyewe, na kuandika katika daftari kila alichokifanya. Kisha mwalimu alikuja kuikagua. Bila alama hizo Vernice angefeli kilimo. Na chuo cha misitu hakikumchukua mtu aliyefeli kilimo.

Mwezi wa pili ulipofika, bustani ya Vernice ilikuwa bado nyasi tupu.

"Vernice," alisema Ma Philo jioni moja, "mbona nyasi za bustani yako zimefika magotini? Mbuzi watadhani ni yao."

"Nitalima Jumamosi, Bibi."

"Jumamosi si tunakwenda sokoni?"

"Basi Jumapili."

"Jumapili? Unataka Padri anile mbichi?"

Vernice alicheka. Kisha akainamisha kichwa juu ya sahani yake ya shelisheli, na kabla hajamaliza kula, akalala pale pale mezani na kijiko mkononi.

Ma Philo alimtazama, roho ikamuuma. Akawaza, "Mimi ni bibi gani, mtoto anaangamia na majirani wapo?" Akaamua kuita koudmen.

Watu wa Morne Cerise wote wanaijua koudmen. Mtu akizidiwa na kazi, majirani huja na majembe yao, hulima pamoja, halafu hula pamoja. Hakuna malipo. Nyumba ya Ma Philo yenyewe ilijengwa hivyo.

Jumamosi iliyofuata Ma Philo hakwenda sokoni, na Vernice alikwenda shuleni kwa masomo ya ziada. Alipogeuza kisogo tu, watu kumi na wawili wakaingia uani. Mbele yao alikuwa Boyo, seremala mwenye mabega mapana na mdomo usiofungwa.

"Iko wapi hiyo bustani inayomliza mtoto wetu?" aliuliza kwa sauti kubwa. "Leo itaniona mimi!"

Walilima huku wakiimba. Ma Philo alipika sufuria kubwa la shelisheli na samaki wa chumvi katika tui la nazi. Kufika saa sita mchana, matuta sita yalikuwa yamenyooka, na miche sitini ya kabichi imesimama kwa mistari.

Vernice aliporudi alikuta watu wanakula. Ma Philo alingoja kelele za furaha. Kelele hazikuja. Msichana aliitazama bustani. Kisha akapita kwa kila mmoja, akamwambia, "Asante. Mungu akubariki." Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mbona unanuna?" bibi yake alimnong'oneza jikoni. "Watu wameacha kazi zao kwa ajili yako."

"Sinuni, Bibi. Ila daftari linauliza nililima lini, kwa kina gani, na nimeweka samadi kiasi gani. Mimi sijui."

Boyo alisikia kutoka nje. "Andika umelima wewe!" alisema. "Nani atahesabu mikono?"

Wote wakacheka. Vernice naye alicheka kidogo. Lakini wiki mbili zilipita, na daftari lilibaki jeupe.

*

Jumatano moja jioni, Mwalimu Seraphin wa kilimo alifika kukagua. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na buti zenye matope. Siku hiyo alikuwa ametembelea bustani nne.

"Mh!" alisema alipoziona kabichi. "Vernice, hii ndiyo bustani nzuri kuliko zote nilizoziona mwaka huu."

Ma Philo alikuwa dirishani jikoni. Boyo alikuwa mlangoni akitengeneza bawaba.

"Haya, niambie," mwalimu aliendelea. "Kati ya mche na mche umeacha nafasi gani, na kwa nini?"

Nyuma ya mwalimu, Ma Philo alitoa mkono dirishani. Alikunjua vidole vyote vitano mara tatu, yaani inchi kumi na tano. Boyo naye, kutoka mlangoni, alinyanyua rula yake ya useremala akaonyesha kwa kidole gumba. Vernice aliwaona wote wawili. Alijua akitoa jibu moja tu, alama zake zimeokoka. Alijua pia akisema ukweli, bustani haitahesabiwa, na chuo kitakuwa kimekwenda na maji.

"Mwalimu," alisema, "bustani hii si yangu. Imelimwa na majirani. Mimi sijapanda hata mche mmoja."

Ma Philo alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi.

"Mwalimu, usimsikilize! Huyu mtoto ana homa!"

"Hana homa, Ma Philo," alisema mwalimu.

"Basi ana wazimu! Vernice, unawaumbua watu waliokutendea wema? Unataka kufeli?"

"Sitaki kufeli, Bibi." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini alimtazama bibi yake usoni. "Nataka kuwa afisa wa misitu. Siku moja watu wataniuliza habari za miti yao. Niwajibu kwa kukutazama wewe dirishani?"

Ma Philo aliteremsha mwiko. Aliona aibu, na chini ya aibu hiyo aliona kitu kingine. Alimstahi mtoto huyu. Yeye mwenyewe, akiwa na umri ule, asingethubutu.

Mwalimu Seraphin alikaa kwenye kigogo, akavua miwani.

"Ma Philo, ulifanya kwa upendo. Hilo halina ubishi. Na si wewe peke yako. Kuna wazazi wanaowaandikia watoto wao insha. Kuna wanaowachorea ramani. Mtoto anapata alama, lakini hapati elimu. Akifika chuoni, wakimpa mche mgonjwa autibu, atamwita nani?"

"Aniite mimi!" alisema Boyo. "Nitapanda basi niende."

"Mpaka lini, Boyo?"

Boyo alijikuna kichwa, akarudi kwenye bawaba yake.

"Kwa hiyo tusimsaidie?" Ma Philo aliuliza. "Tumwache mtoto azame?"

"Msaidieni sana. Ila msaada una mahali pake. Vernice, hebu nitajie siku yako, tangu unapoamka."

Vernice alitaja. Mbuzi. Kakao. Wadogo zake. Basi. Masomo. Maji. Vyombo. Magimbi. Chakula. Halafu soko, halafu kwaya. Mwalimu aliandika kila kitu kwenye karatasi. Ma Philo alizijua kazi zile moja moja. Lakini hakuwahi kuzisikia zote zikitajwa kwa pamoja, na kadiri orodha ilivyozidi kurefuka, ndivyo alivyozidi kuinama.

"Umesikia?" mwalimu aliuliza kwa upole. "Mwanafunzi wa kidato cha tano anahitaji mambo mawili kutoka nyumbani. La kwanza ni muda, walau saa mbili kila siku ambazo hakuna mtu anayemtuma. La pili ni usingizi wa kutosha. Kazi za nyumbani afanye, maana zinamfunza. Lakini asifanye za nyumba nzima. Kusoma, kulima bustani na kuandika daftari, hayo ni yake mwenyewe."

"Na nikikosea, Mwalimu?" Vernice aliuliza.

"Andika ulivyokosea, na unavyofikiri ni kwa nini. Kosa si aibu katika daftari hili."

"Kwani bado kuna nafasi?"

"Zimebaki wiki saba kabla ya ukaguzi wa mwisho. Kabichi nyingine hazitawahi. Lakini saladi huwa tayari kwa wiki sita. Ukianza kesho utawahi, ila usipoteze hata siku moja."

*

Jumapili, baada ya misa, Ma Philo alisimama kwenye ngazi za kanisa.

"Jamani, naita koudmen!" alisema.

"Nyingine tena?" Boyo aliguna. "Kabichi zimeliwa na nini?"

"Funga domo usikilize. Safari hii hakuna jembe. Mtoto anahitaji saa mbili kila siku. Nani ana saa mbili?"

Boyo alisema, "Mbuzi niachieni mimi. Majani yapo njiani kwangu." Mama mmoja muuza ndizi alisema atakwenda na Ma Philo sokoni kila Jumamosi. Wadogo zake Vernice, mmoja wa miaka kumi na mwingine wa minane, walikabidhiwa vyombo. Walilalamika siku tatu, halafu wakazoea. Maji alichota Vernice mwenyewe, na kupika alipokezana na bibi yake.

Kabichi zikawa za Ma Philo. Pembeni ya kabichi hizo, tangu Alhamisi ile, Vernice alilima matuta mapya kwa mikono yake. Matuta hayo hayakunyooka kama ya Boyo. Kila jioni alipima, akamwagilia, akang'oa magugu, kisha akakaa kwenye kigogo na kuandika. Ma Philo aliupenda sana mwandiko ule, ingawa macho yake hayakuweza tena kuusoma. Sasa msichana alilala saa tatu usiku, na asubuhi alikuwa akiimba.

Wiki ya nne mvua kubwa ilishuka kutoka mlimani. Ilikuwa saa kumi jioni. Maji yalipita mfereji mdogo wa Vernice, yakaanza kula tuta la kwanza. Vernice alitoka mbio na jembe. Muda si mrefu Boyo naye akatokea barabarani na koleo, nyuma yake watu wanne.

"Tunakuja, Vernice!"

Lakini langoni walimkuta Ma Philo. Alikuwa amekamata mwavuli kama rungu.

"Hapiti mtu," alisema.

"Ma Philo! Saladi za mtoto zinakwenda na maji!"

"Naziona. Macho hayajafa kiasi hicho."

"Basi tupishe!"

"Boyo, ukitia mguu humu ndani nitakupiga na huu mwavuli, na Jumapili nitakwenda kuungama."

Boyo alisimama. Wote walisimama, mvua ikiwanyeshea, wakimtazama msichana mmoja akichimba. Mikono ya Ma Philo ilimwasha kwa kutaka kushika jembe. Kila tope lilipobomoka alifumba macho. Vernice alirefusha mfereji hadi kwenye migomba, akaziba kwa mawe, akachimba tena. Mwishowe maji yaligeuka. Mistari miwili ilikuwa imekwenda. Minne ilibaki.

"Nimeiokoa minne!" Vernice alipiga kelele, matope hadi kwenye nyusi. Pale langoni watu walishangilia, na aliyeshangilia zaidi alikuwa Boyo.

*

Wiki ya saba Mwalimu Seraphin alirudi. Aliuliza maswali mengi. Dirishani hapakuwa na mtu. Vernice alijibu karibu yote, na kwa mawili yaliyomshinda alisema, "Hilo sijui, nitalitafuta." Mwalimu alilisoma daftari lote. Alipofika kwenye ukurasa wa mvua, alisimama.

"Huu ndio ukurasa bora," alisema. "Msomee bibi yako."

Vernice alisoma. "Mvua kubwa. Nimepoteza mistari miwili, kwa sababu mfereji wangu ulikuwa mfupi. Mara nyingine nitachimba mfereji kabla ya kupanda. Msaada niliopata: Bibi alisimama kwenye mvua na hakugusa kitu."

"Soma tena hapo mwisho," alisema Ma Philo.

Vernice akasoma tena. Ma Philo alijifuta macho kwa kona ya kitambaa chake cha kichwa, akasema jiko lina moshi.

Mwezi wa nane matokeo yalitoka. Vernice alifaulu masomo saba kati ya manane, na katika kilimo alipata alama nzuri sana. Chuo kilimchukua. Kijiji kizima kilikula saladi ya bustani yake iliyopandwa upya, na hakuna aliyeisifu kuliko Boyo, ambaye siku zote alisema majani ni chakula cha mbuzi.

Asubuhi ya safari, sanduku la Vernice lilikuwa zito kwelikweli. Aliliburuta hatua tatu, akapumzika. Ma Philo alimfuata nyuma, mikono ameifunga mgongoni, midomo ameibana.

Vernice aligeuka, akamwona alivyosimama, akaangua kicheko.

"Bibi! Sanduku si la mtihani. Hili shika."

Ma Philo akafungua mikono yake, akashika upande mmoja. Vernice akashika upande wa pili. Wakalibeba pamoja hadi barabarani, wakasubiri basi.