Daftari la Makosa ya Tabasamu

Mgeni hakupiga hodi. Aliingia uani Jumamosi asubuhi akisukuma baiskeli, akampita Pilipili aliyekuwa akisugua vyombo vya kunyweshea vifaranga, akaenda moja kwa moja kwenye gari. Alilizunguka mara mbili. Kisha akaigusa antena kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa paji la uso la mgonjwa.

"Unamtafuta nani?" Pilipili aliuliza. Alikuwa na miaka kumi na mbili, na jina hilo alipewa kwa sababu ya ulimi wake.

"Marahaba," mgeni alijibu, ingawa hakuwa ameamkiwa. "Mama yako yupo?"

Mama alitoka kwenye chumba cha mashine ya kuangulia mayai, akijifuta mikono kwa kanga. Mgeni alijitambulisha kuwa fundi redio wa ng'ambo ya daraja. Alikuwa akipita zake, akaiona ile antena.

"Hii niliichomelea mwenyewe," alisema. "Mama, gari hili lilikuwa langu. Lilizama kwenye mafuriko ya mwaka jana, maji yakafika kwenye usukani. Nani amekuuzia?"

Mama aliketi taratibu juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Gari lilikuwa na miezi miwili hapo nyumbani. Mama alilinunua kwenye yadi ya magari yaliyotumika, kwa mfanyabiashara ambaye watu wote walimwita Tabasamu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona amefunga mdomo. Tabasamu aliapa kwamba mwenye gari alikuwa mwalimu wa kike, aliyeliendesha kwenda sokoni na kurudi tu. Mama aliamini. Alilihitaji gari sana, maana vifaranga wakishaanguliwa lazima wawafikie wateja haraka, kabla joto na kiu havijawamaliza.

Lakini gari lilizimika njiani mara nne katika mwezi wa kwanza. Mara ya nne lilizimika saa saba mchana, kwenye barabara isiyo na hata kivuli cha nguzo. Pilipili aliwapepea vifaranga kwa kifuniko cha boksi mpaka mkono ukafa ganzi. Maboksi mawili hayakufika. Moja lilikuwa la mlinzi wa shule yao, vifaranga ishirini na watano alioagiza kwa ajili ya mkewe. Mama alijua kwamba wateja wakipoteza imani mara moja zaidi, mashine itabaki kuwa kabati la kuwekea nguo.

Waliporudisha gari yadi, Tabasamu aliwapokea kwa meno yote. "Mama yangu, si ulisaini mwenyewe? Limeandikwa, limeuzwa kama lilivyo. Gari si maziwa, useme limechachia kwangu." Wafanyakazi wake walicheka. Mmoja alicheka mpaka akashika bomba la maji asianguke.

Tangu siku hiyo Pilipili alikuwa na daftari. Ukurasa wa kwanza aliandika kwa herufi kubwa: MAKOSA YA TABASAMU. Alianza na zile mara nne, na kila gari lilipozimika tena aliandika siku, saa, mahali, fundi wa magari alisema nini, na Tabasamu alijibu nini, neno kwa neno. Hakuandika kwa ajili ya ofisi yoyote. Aliandika ili siku ya kulipiza asisahau hata kosa moja.

"Mimi kila kitu kibovu ninachouza nakifungia karatasi inayotaja ubovu wake," fundi redio alikuwa akisema. "Redio, pasi, hata tochi. Mke wangu ananicheka, anasema nitazikwa na karatasi shingoni. Hata gari hili nililiandikia karatasi: limezama, linauzwa kwa ajili ya spea tu. Huyo huyo Tabasamu ndiye aliyelinunua kwangu, akasaini. Nakala ninayo."

"Twende tukayachome magari yake," Pilipili alisema.

"Wewe kasugue vyombo," Mama alimjibu, lakini macho yake yalikuwa yamewaka vilevile.

Jumatatu Mama alipeleka malalamiko kwenye ofisi ya kutetea haki za wanunuzi. Pilipili naye alikuwa na mpango wake. Alipotoka shule alipitia yadi akiwa na msumari kiganjani. Alichagua gari jekundu lililong'arishwa, lililoegeshwa nje ya uzio. Aliinua mkono, na mkono ukashikwa.

Mama alikuwa ametoka ofisini, na njia yake ilipita hapo hapo.

"Nipe."

"Mama, vifaranga wetu walikufa. Yeye alicheka."

"Nilimsikia alivyocheka. Usiku nikigeuka kitandani bado namsikia," Mama alisema. "Lakini ukikwaruza mlango huu, kesho yeye ndiye mlalamikaji na sisi ndio washtakiwa. Utakuwa umempa kicheko cha pili, tena bure."

Pilipili aliutoa msumari. Walitembea pamoja mpaka nyumbani.

Wiki iliyofuata waliitwa wote. Afisa alikuwa mwanamke mwembamba mwenye meza iliyojaa mafaili. Tabasamu alikuja na shati lililopigwa pasi na tabasamu lake mahali pake. Alieleza kwa upole kwamba mnunuzi alisaini na kwamba gari lilitoka yadini likiwa zima. "Hata mimi nashangaa, dada yangu. Ningejua lina tatizo, ningemuuzia mama kama huyu?"

Fundi redio aliweka karatasi yake mezani.

Afisa aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena. "Hii sahihi ni yako?"

Tabasamu aliitazama. Kwa mara ya kwanza Pilipili aliona midomo yake ikikutana. Akahisi utamu mwili mzima, utamu wa kunywa maji baada ya kukimbia.

"Maneno 'kama lilivyo' hayakulindi hapa," afisa alisema. "Mnunuzi anakubali mkwaruzo anaouona. Hakubali mafuriko uliyomficha." Akamgeukia Mama. "Gari lilizimika lini na lini?"

Mama alianza kuhesabu kwa vidole, akachanganya tarehe. Tabasamu akakohoa kidogo na tabasamu likaanza kurudi. Hapo Pilipili alilisukuma daftari mezani.

Afisa alifungua, akafuata kila mstari kwa kalamu. "Siku, saa, mahali. Hata maneno ya fundi. Wakubwa wengi hawaniletei kitu kama hiki." Alifunua ukurasa wa mwisho, kalamu ikasimama. Pilipili alitamani sakafu ipasuke. Ukurasa huo uliandikwa: Sukari kwenye matangi yote. Misumari mlangoni. Panya aliyekufa ndani ya gari jekundu.

"Ukurasa huu," afisa alisema akiuchana kwa uangalifu, "sitaupokea kama ushahidi." Akauweka mbele ya Pilipili. Fundi redio aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika.

Uamuzi ulikuwa mfupi. Tabasamu atalichukua gari lake, atarudisha malipo yote na kulipia vifaranga waliokufa. Makabidhiano yatafanyika yadini, Jumamosi saa nne, mbele ya afisa. Zaidi ya hayo, Tabasamu ataandika kwa mkono wake mwenyewe, kwenye kioo cha mbele: GARI HILI LILIZAMA, ili mtu mwingine asije akauziwa bila kujua.

Pilipili hakulala vizuri kwa furaha. Alijua atasimama wapi: karibu na lile bomba la maji, amwone anavyoandika, herufi moja moja, mbele ya wafanyakazi wake na wateja wa Jumamosi.

Ijumaa, vifaranga wapya walipokuwa wakijikausha ndani ya mashine, alikumbuka ahadi yake. Siku tatu nyuma, getini, alikuwa amemwambia mlinzi wa shule: "Jumamosi saa nne nitakuletea wako. Nitawabeba mwenyewe." Mlinzi alikuwa anaanza likizo, na basi lake lingeondoka saa tano.

"Mama, mpelekee wewe."

"Mimi lazima niwepo yadini kusaini. Fundi redio ni shahidi."

"Basi tumwambie asubiri likizo ijayo. Tuna sababu."

Mama aliendelea kupanga nyasi kavu ndani ya boksi. "Tabasamu naye ana sababu kila siku. Sikiliza mwanangu. Ukinunua kitu, uliza, kikaguliwe na fundi, soma unachosaini na tunza karatasi. Ukidanganywa, dai haki yako mpaka mwisho. Mimi sikusoma, na yamenikuta. Lakini anayedai haki kwa muuzaji, akiwa muuzaji naye atimize neno lake. Kesho mteja wa yule ni mimi. Mteja wako ni mlinzi. Sikulazimishi."

Jumamosi saa tatu Pilipili alitoka na boksi kichwani. Gari Mama alikwisha kulipeleka yadini. Njia ya shule ilipita juu, na ya yadi ilishuka kushoto. Kwenye njia panda alisimama. Kutoka pale paa la bati la yadi lilionekana, na watu wawili watatu walikwisha kukusanyika. Angeweza kukimbia, atazame herufi mbili tu. Juu ya kichwa chake vifaranga ishirini na watano walilia kwa pamoja, sauti nyembamba, na jua lilikuwa limeanza kuuma.

"Haya, nyamazeni," aliwaambia, akashika njia ya juu.

Mlinzi alikuwa amekaa kwenye begi lake nje ya geti, amevaa viatu vya safari. Alipomwona alisimama, akalishusha boksi kwa mikono yote miwili na kuinua kifuniko. Aliwahesabu mara mbili, mara ya pili akiwagusa mmoja mmoja.

"Nilidhani hutakuja," alisema. "Nimesikia leo kuna mambo huko yadini. Kila mtu ameenda kutazama."

Pilipili alifuta jasho kwa mkono wa gauni. Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Huko chini, Tabasamu alikuwa ameshaanza kuandika.

"Wape maji mkifika," alisema. "Vuguvugu, si baridi."