Tilda na Bata Mzinga Aliyeganda

Giza lilikuwa halijaondoka Tilda aliposikia friza ikinguruma kule chini. Ilinguruma, ikatetemeka, ikanyamaza. Ilifanya hivyo kila alfajiri, wala hakuna aliyejali. Lakini alfajiri hiyo ya Jumatano Tilda aliketi kitandani ghafla.

"Bata mzinga!" alinong'ona.

Kesho yake ilikuwa Sikukuu ya Shukrani, siku ambayo Wamarekani hukusanyika kula bata mzinga. Katika ukoo wao, mtoto mmoja hukabidhiwa ndege wa sikukuu. Humtoa frizani Jumapili, humweka kwenye friji ayeyuke taratibu, kisha humpaka chumvi na siagi kwa mikono yake mwenyewe. Miaka yote kazi hiyo ilikuwa ya kaka yake, Wendell. Mwaka huu Bibi Opal alisema, "Sasa ni zamu ya Tilda." Tilda alijigamba mtaa mzima.

Jumapili, hata hivyo, kulikuwa na mechi ya mpira wa kikapu. Timu ya Tilda ilishinda, akarudi nyumbani akirukaruka, akasahau kabisa. Na jana jioni mama alipouliza kama ndege ameshayeyuka, jibu lilimtoka tu mdomoni: "Ndiyo, mama."

Alishuka ngazi akinyata, akafungua friza. Bata mzinga alikuwa mgumu kama jiwe ndani ya mfuko wake wa plastiki. Tilda alimkumbatia kwa shida, akampeleka nyuma ya mtambo unaopasha nyumba joto, akamfunika kwa blanketi kuukuu. Aliwaza kwamba pale kwenye joto angeyeyuka upesi, na hakuna ambaye angejua.

Asubuhi mama alikunywa kahawa akiwa amesimama, koti begani. Alifanya kazi kwenye duka la mikate, na hiyo ndiyo siku ambayo jimbo zima la Ohio hutaka pai ya boga.

"Leo pai zitanitoa roho," alisema. "Tilda mwanangu, ndege wetu hajambo?"

"Hajambo, mama."

"Mbona unapepesa macho hivyo?" Wendell aliuliza.

"Kula uji wako wewe!"

Mama alicheka, akatoka. Hazikupita dakika nyingi, simu ikalia. Alikuwa ni muuguzi, akitaka kuongea na Bibi. Bibi Opal alikuwa ametoka hospitali majuzi tu, na dawa zilikuwa zimemchosha sana. Ndiyo maana mwaka huu wajomba na mashangazi wote walikuwa njiani kuja.

"Ndiyo, binti yangu, nimekusikia," Bibi alisema kwa sauti kubwa, kama kawaida yake kwenye simu. "Nyama iive vizuri, na isikae kwenye joto kabla ya kupikwa. Najua, mwili wangu sasa hauwezi kupigana na vijidudu. Usiwe na wasiwasi. Ndege yuko mikononi mwa mjukuu wangu."

Kijiko cha Tilda kilibaki hewani. Aliliona lile blanketi kuukuu akilini. Akamwona na Bibi akirudishwa hospitali.

"Bibi," alisema, machozi yakimlengalenga, "nimedanganya."

Akaeleza yote. Wendell aliangua kicheko. "Mpira unaujua kuutia wavuni, ndege kumtoa frizani umeshindwa!"

"Wendell, acha kucheka. Nenda ukamlete," Bibi alisema.

Ndege aliwekwa mezani. Bibi alimbonyeza huku na huku. Ngozi ilikuwa bado na barafu kila mahali.

"Hajapata joto bado. Una bahati, mwanangu. Angekaa kule mpaka jioni, nje vijidudu vingezaana na ndani angekuwa bado jiwe. Nyama ya namna hiyo ingetulaza sote."

"Basi tumtupe?"

"Nani kasema kumtupa? Ziba sinki. Tunamzamisha kwenye maji baridi, na mfuko wake hivyohivyo, na kila nusu saa unabadilisha maji."

"Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima. Si uliitaka kazi mwenyewe?"

Tilda alikunja mikono ya sweta. Alimwaga maji, akajaza mengine, akamgeuza ndege. Priscilla, rafiki yake wa nyumba ya pili, alikuja na mpira kwapani.

"Njoo tucheze!"

"Siwezi. Namwogesha bata mzinga."

Priscilla alicheka mpaka akashika ukuta. Tilda naye akacheka, kisha akarudi kwenye sinki. Ilipofika mchana vidole vyake vilikuwa vyekundu na havina hisia. Wendell alisimama mlangoni akimtazama.

"Sogea huko," alisema hatimaye. "Mikono yako imekuwa kama karoti. Hii raundi yangu."

Mama aliporudi jioni, Tilda alimwambia kila kitu pale pale mlangoni, kabla hajavua koti.

"Nilikuuliza mara mbili, Tilda."

"Na mara mbili nilikudanganya, mama. Nisamehe."

Mama alivua koti. Kisha akaenda kwenye sinki, akalishika paja la ndege, akalikunja. Likakunjika.

"Kimebaki kibarafu kidogo tu ndani," alisema, na tabasamu likamtoka. "Mtie kwenye friji, atamalizia humo."

Alhamisi nyumba ilijaa watu na harufu ya siagi. Bibi alichoma kipimajoto ndani ya nyama, akakisoma, akainua ngumi juu kama bondia. "Ameiva!" Tilda alipomleta ndege mezani, akiwa wa rangi ya kahawia na anang'aa, wajomba walisimama wakapiga makofi, na Wendell akapiga mluzi mkali. Bibi alikula, akaongeza, akaongeza tena.

Kabla ya pai, kama desturi yao, kila mtu hutaja anachokishukuru. Bibi alianza.

"Mimi nashukuru kwamba mjukuu wangu aliogopa, lakini akasema," alisema. "Kusahau ni kwetu sote. Lakini kosa likifichwa, hakuna anayeweza kukusaidia kulitengeneza. Tilda alilitoa mapema, kisha akalifanyia kazi mpaka likaisha. Watoto, fanyeni hivyo hivyo."

Kisha akamgeukia. "Haya, mwanangu. Zamu yako."

Tilda aliitazama sahani ya Bibi, ambayo haikuwa na kitu isipokuwa mifupa.

"Nashukuru kwamba Bibi amekula," alisema.