Sasisho la Vunjamwamba

Vunjamwamba ilikuwa inakula jiwe kama mwenye njaa anavyokula muhogo wa kuchemsha. Chini kabisa ya jiji la Kahama, mikono yake minne ya chuma iligonga, ikakwangua, ikasukuma kifusi pembeni, na njia ya treni ya ardhini ikazidi kurefuka. Kazi ambayo zamani ingewatoa roho vibarua, mashine hii iliifanya huku wao wakipiga soga. Tena ilikuwa na adabu. Kila mchimbaji mgeni alisimama mbele yake, akavua kofia, akataja jina, nayo ikaihifadhi sura yake kwenye ubao mama, ile sahani ya saketi iliyobeba akili zake zote. Kuanzia hapo isingemgusa hata kwa bahati mbaya. Wachimbaji waliita jambo hilo kupiga hodi, na hakuna aliyethubutu kuingia handakini bila kupiga hodi.

Asubuhi hiyo likaja sasisho. Programu-mwanzo, ile inayoiamsha mashine kabla ya programu nyingine zote, ilikuwa na toleo jipya kutoka kiwandani ng'ambo. Mhandisi Nyamizi alitaka wasubiri zamu iishe. Meneja Rwegasira, mtu asiyejua subira ni kitu gani, aliagiza liwekwe papo hapo. Likawekwa. Mashine ikajizima ili iwake upya, na katikati ya kuwaka ikakwama. Mkono mmoja ulichepuka ukapiga ukuta, mwamba ukaporomoka mbele yake. Upande wa pili wa kifusi walibaki mafundi waliokuwa wakikaza nondo za dari, na mmoja wao alikuwa Ngasa, mume wa Nyamizi. Bomba lao la hewa lilikuwa limekatika.

"Tuchimbe kwa sururu?" aliuliza Masele, rafiki wa Ngasa tangu utotoni.

"Tutachimba mpaka kesho kutwa, na hewa haifiki hata jioni," alisema Nyamizi. "Ni mashine hii au basi."

Akafungua kifua cha Vunjamwamba. Umeme ulikuwa unafika, feni zilizunguka, lakini kila alipoiwasha ililia mlio mrefu na mifupi miwili, kisha kimya. Huo ulikuwa mlio wa hitilafu ya kumbukumbu. Alichomoa kadi za kumbukumbu, akazifuta, akazijaribu moja moja. Mlio uleule. Akachomoa kamera, mikono, kila kisichohitajika ili mashine iamke tu. Mlio uleule. Jasho lilimtiririka mpaka machoni, na nyuma ya kifusi walisikika watu wakigonga jiwe kwa nyundo, kuwajulisha wenzao kwamba bado wako hai.

Ilibaki betri ndogo, saizi ya kifungo cha koti, inayoukumbusha ubao mama kila ulichofundishwa. Ukiitoa, ubao unasahau yote na kurudi ulivyotoka kiwandani.

"Itasahau sura zetu," alisema Nyamizi.

"Si tutapiga hodi upya, shemeji?" Masele akajibu. "Hiyo nayo shida?"

Rwegasira alifungua mdomo, kisha akaufumba. Nyamizi alimwona, lakini hakuwa na nafasi ya kumuuliza lililomkaba. Alitoa betri, akasubiri, akairudisha, akaunganisha mikono na kamera. Akajibanza kwenye upenyo wa ukuta akiwa ameshika swichi ya dharura ya kuizimia, iliyofungwa kwenye waya mrefu, kisha akaiwasha mashine.

Vunjamwamba haikulia. Iliinua kichwa, taratibu, na wachimbaji wakashangilia. Wakajipanga foleni mbele yake kama ilivyo desturi, Masele wa kwanza, kofia kwapani.

"Mimi ni Masele, mchim..."

Mkono ulimpiga kifuani akaanguka chali. Mguu wa chuma ukamkanyaga mapaja, na mlio wa mifupa ukasikika kila pembe. Aliyefuata kwenye foleni alitupwa ukutani, kichwa kikapasuka, na damu ikawarukia wenzake waliokuwa wakikanyagana wakikimbilia lifti.

"Ni mtumba wa vita!" Rwegasira alipiga kelele, amejikunyata nyuma ya toroli. "Tuliinunua jeshini! Iliundwa kuua watu mahandakini, sisi tukaifundisha kuchimba! Izime, mhandisi!"

Kidole cha Nyamizi kilikuwa tayari juu ya swichi. Hapo nyundo zikagonga tena nyuma ya kifusi. Mashine ikageuza kichwa. Ilikuwa imesikia watu.

Ikaanza kuchimba. Hakuna aliyewahi kuiona ikichimba namna ile. Mawe yaliruka, mwamba ukafumuka kama mchanga, na kwa kila pigo ilijikita zaidi kwenye ule mguu uliomkandamiza Masele.

"Shemeji, zima!" Masele alilia. "Zima, nakufa!"

Akizima sasa, Masele pengine angepona, na Ngasa angekosa hewa humo ndani. Nyamizi alimpenda Masele, ndiye aliyemletea barua ya posa. Hakuzima.

"Shemeji!"

Hakuzima. Mashine ilipiga tena, na tena, na sauti ikakatika. Kifusi kikatoboka. Kwenye vumbi lile aliona uso wa Ngasa, na mkono wa chuma ukiinuka juu yake. Ndipo alipobonyeza.

Mkono ulisimama hewani. Ngasa alipenya chini yake akikohoa, wenzake wakimfuata, akamkumbatia mkewe kwa nguvu zote.

"Kuna mtu alikuwa anapiga kelele izimwe," alisema alipopata pumzi. "Nani yule?"

"Masele."

Ngasa akageuka. Aliutazama ule mguu na kilichokuwa chini yake, kisha akaitazama swichi.

"Ulikuwa nayo mkononi muda wote huu?"

"Muda wote."

Ngasa alimwachia. Alipiga magoti kwenye matope yenye damu, akaingiza vidole chini ya mguu wa Vunjamwamba, akaanza kuuinua kwa mikono mitupu.