Uso wa Pei-jung

Kila alfajiri mjini Chiayi, Mama Li-hsueh huuza maziwa ya soya na mikate ya mvuke. Binti yake, Pei-jung, wa miaka kumi na sita, humsaidia kabla ya kwenda shule. Mwaka ule alianza kuvaa barakoa hata ndani ya nyumba.

"Ivue, mwanangu. Wateja watadhani unaumwa."

"Waache wadhani."

Mama alijua kilichofichwa. Chunusi. Alikuwa amemchemshia chai chungu ya kupoza joto la mwili. Alikuwa amemkataza kuku wa kukaanga. "Na huoshi uso vizuri," alimwambia. Basi Pei-jung akawa anausugua kwa taulo mpaka unawaka moto.

Mwishowe mama alinunua krimu sokoni, kikopo kisicho na maandishi. Kwa siku kumi uso ulitulia. Wiki ya tatu chunusi zilirudi, nyingi kuliko mwanzo. Moja ilivimba tayani, ngumu kama karanga. Pei-jung akaiminya. Kesho yake shavu lilikuwa limejaa, na kutafuna kukamshinda.

"Siendi shule," alisema.

"Leo tu?"

"Siendi tena, Mama."

Mama alirudi kwenye meza yake ya biashara. Akamimina kikombe hadi maziwa yakamwagika. Nesi Chiu, jirani anayefanya kazi kliniki ya ngozi, alikuwa akingoja kikombe chake.

"Kuna nini, dada?"

Mama akamweleza yote. Nesi aliacha kikombe, akaingia ndani.

"Hebu nione. Sitakugusa."

Pei-jung alivua barakoa taratibu, macho chini.

"Una homa? Jicho linauma?"

"Hapana."

"Vizuri. Ungekuwa navyo, tungekimbilia hospitali sasa hivi. Sasa sikiliza. Hivi vidoa vyeusi puani si uchafu. Ni vitundu vya ngozi vilivyoziba kwa mafuta. Vyeupe navyo vimeziba, ila vimefunikwa. Hivi vyekundu, na vyenye usaha, vimeshavimba. Hivyo vyote mara nyingi hutibika kwa dawa ya kupaka. Lakini hili jipu gumu la tayani liko ndani sana. Ukiliminya, linapasukia ndani na kuacha kovu. Hili ni la daktari."

"Kwa hiyo si kwa sababu sioshi uso?"

"Unauosha kupita kiasi. Mara mbili kwa siku, sabuni laini, vidole tu."

Mama alileta kile kikopo. Nesi alikinusa, akatikisa kichwa.

"Dawa kama hizi mara nyingi huchanganywa kwa siri na steroidi, dawa kali ya kushusha uvimbe. Huficha uvimbe, kisha huuzidisha. Mpelekee daktari akione."

"Basi mimi ndiye niliyemharibu mwanangu," mama alisema kwa sauti ndogo.

"Ulitaka apone. Twendeni."

Daktari alimpa Pei-jung vidonge vya miezi mitatu na jeli ya kupaka jioni, kidogo kama punje ya njegere kwa uso mzima. Alimwambia pia kuna vidonge vikali zaidi kwa chunusi sugu. Hivyo havitumiwi bila daktari, na mjamzito hapaswi kuvigusa, kwa kuwa humdhuru mtoto tumboni.

"Wiki za kwanza ngozi itakauka," alisema. "Usiache dawa. Subiri wiki nane."

Zilikuwa wiki ndefu. Wiki ya tatu ngozi ilichubuka, na Pei-jung akataka kuitupa jeli. Mama alimchungulia kila asubuhi, akiogopa kuuliza. Wiki ya tisa hakukuwa na uvimbe mpya. Mwezi wa nne yalibaki madoa na kovu dogo tayani.

Jumamosi moja Pei-jung alitoka kuhudumia bila barakoa. Mzee mmoja akamkazia macho. Mama akaacha kumimina maziwa.

"Binti," mzee alisema, "nimeagiza maziwa yasiyo na sukari. Haya matamu ni ya nani?"

Pei-jung alicheka, uso wazi, akambadilishia kikombe.