Uzio wa Juu ya Maporomoko

Kila Jumamosi, kabla wageni hawajafika, Kiguu alikuwa na kazi moja: kupanda hadi juu ya maporomoko na kukagua njia. Jina hilo la utani alipewa na shangazi yake, kwa kuwa tangu aanze kutembea hakuwahi kutulia mahali pamoja. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake alikuwa mwongoza wageni. Aliwapeleka kwenye pango la popo, kisha kwenye chemchemi ya maji moto, na kumalizia juu kabisa, penye uzio wa mbao, ambapo watu waliegemea na kutazama maji yakianguka bondeni.

Jumamosi hiyo mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo.

"Sukuma kila nguzo kwa mikono," mama alimwambia huku akifunga kamba za viatu. "Usiangalie kwa macho tu ukaridhika."

"Sawa, mama."

Kiguu akatoka mbio. Alipita pango, akapita chemchemi iliyokuwa ikifuka mvuke, akaanza kupanda. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Alipofika katikati ya mlima akasikia anaitwa. Alikuwa rafiki yake Chiriku, msichana ambaye mdomo wake haukujua likizo.

"Wageni wameshafika," Chiriku alisema akihema. "Kuna bibi amekuja na darubini. Ukimtazama ndege wa ng'ambo ya bonde unamwona mpaka kope."

"Sijafika juu bado."

"Uzio huo upo tangu hatujazaliwa. Hauwezi kukimbia."

Kiguu akatazama juu, akatazama chini. Miguu ikamwasha. Akashuka.

"Njia ikoje?" mama aliuliza.

"Nzuri."

"Na nguzo?"

"Zote nzima, mama."

Mama akampapasa bega, akawageukia wageni. Walikuwa saba. Mwenye darubini alikuwa muuguzi mstaafu, na alikuwa na mjukuu wake wa miaka mitano, mtoto wa kurukaruka kama panzi. Kiguu alimwamkia bibi huyo, naye akampa darubini atazame. Hakuona ndege wala kope. Aliielekeza juu, upande wa uzio, kisha akairudisha upesi.

Ndani ya pango, Kiguu ndiye aliyeshika tochi wakati mama akieleza jinsi popo wanavyolala. Mwanga ulirukaruka ukutani.

"Mbona tochi haitulii?" mama aliuliza.

"Mkono umechoka."

Kwenye chemchemi, wageni waliketi juu ya mawe wakachovya vidole majini. Kiguu hakuketi. Alikwenda mwanzo wa njia ya kupanda, akarudi, akaenda tena.

"Una nini wewe?" Chiriku alimnong'oneza. "Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Sijagusa hata nguzo moja."

"Basi nyamaza. Tukirudi salama, nani atajua?"

Maneno hayo yalikusudiwa kumtuliza, lakini hayakumtuliza. Akamfuata mama.

"Mama, leo tuishie hapa. Juu kuna utelezi."

"Si umesema njia nzuri?"

"Utelezi kidogo."

"Wana viatu imara. Twende."

Wakapanda. Kiguu alitangulia, akarudi nyuma, akatangulia tena. Walipokaribia kileleni, ngurumo ya maji ikajaa masikioni. Mjukuu wa muuguzi alipouona uzio, akauchomoa mkono wake mkononi mwa bibi yake, akakimbia kuuendea.

Kiguu akamfukuza. Alimdaka shati hatua chache kabla ya uzio, wote wawili wakaanguka kwenye matope. Mtoto akaangua kilio.

"Vipi tena, binti?" muuguzi aliuliza kwa ukali. "Mbona unamwangusha mtoto?"

Wageni wote walimtazama. Angeweza kusema ameteleza, na wangemwamini.

"Nisamehe, bibi," alisema. "Mama, nilikudanganya. Asubuhi sikufika huku. Sijui kama uzio ni mzima."

Mama aliwaashiria wageni wasimame, akachukua fimbo yake ndefu na kuisukuma nguzo ya kwanza. Haikutikisika. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, ile aliyokuwa akiikimbilia mtoto, ilijiinamia taratibu, ikaondoka na bonge la udongo na mbao mbili. Hawakusikia ikitua. Maji yaliimeza sauti yake.

Muuguzi alimkumbatia mjukuu wake kwa nguvu hadi mtoto akalalamika kwamba anaumia.

"Niwieni radhi," mama aliwaambia wageni. "Niliyewaleta ni mimi, na mimi ndiye nilipaswa kuwa na hakika."

Akawashusha kwa njia nyingine hadi chini ya maporomoko, ambako manyunyu yaliwalowesha nyuso. Mwanamume mmoja alinung'unika kwamba alitaka picha ya kutoka juu.

Alasiri, mjomba wa Kiguu, fundi seremala, alileta nguzo mpya. Kiguu alibeba mawe ya kushindilia mashimo mpaka viganja vikavimba. Mama alizungumza naye pale tu nguzo ya mwisho iliposimama.

"Ulikuwa ukiogopa nini njia nzima?"

"Kujulikana."

"Sikiliza, mwanangu. Wageni hawaijui njia hii. Wanakanyaga wanapokanyaga kwa kuwa mimi nimewaambia ni salama, nami nimewaambia kwa kuwa wewe umeniambia. Uongo wako hauishii kwangu. Unakwenda kumwangusha mtu ambaye hata humjui. Siku ukichoka, au ukatamani kurudi kucheza, rudi. Lakini uje useme, 'Mama, sikufika.' Ni maneno mawili tu. Nitakasirika kidogo, kisha nitapanda mwenyewe."

Kiguu aliinamisha kichwa.

"Wiki ijayo utamtuma nani?"

"Nitakutuma wewe," mama alisema, akiokota nyundo. "Ila utaondoka mapema zaidi. Sitaki uifanye kazi hii huku unakimbia."