Kasia la Nyuma

Rafiki yangu mmoja, fundi cherehani, hana subira hata ya kungoja chai ipoe, na ndiyo maana tunaelewana. Siku hiyo alikwenda na shemeji yake kupiga makasia kwenye ziwa la mji mmoja wa milimani. Shemeji akanogewa na samaki wa kuchoma. Fundi akamngoja saa nzima kwenye kiti cha mbele cha mtumbwi, akifoka.

"Kula mpaka miiba! Leo sigeuki hata kukutazama!"

Hatimaye kiti cha nyuma kikatoa mlio wa kukaliwa. Fundi akasukuma, wakaondoka.

Katikati ya ziwa ukungu ukashuka kutoka mlimani, kukawa giza mchana mchana. Fundi hakuiona hata ncha ya kasia lake, na mbele kulikuwa na majabali ya kuwapasua. Lakini nyuma yake kasia lilipiga chubwi, chubwi, bila kukosea, na mtumbwi ukakata kona kama unaoijua njia.

"Kumbe ukishiba unajua kazi! Na bado nimekununia, mlafi mkubwa!"

 Akaendelea kutukana mpaka mchanga ukakwaruza chini yao, akaruka nchi kavu.

Shemeji alikuwa amesimama pale pale ufukweni mtumbwi ulipoondokea, mikono imejaa mafuta ya samaki, amefura kumshinda yeye.

"Yaani shemeji, unaniacha hivi hivi? Nimekuita mpaka koo limekauka!"

Fundi akageuka. Viti vyote viwili vilikuwa vitupu. Lakini mtumbwi ulikuwa umedidimia upande wa nyuma, maji yakigusa ukingo. Kisha ukainuka taratibu, kama unavyoinuka mtu anaposhuka.